Kete nyeusi zinazongoja: historia ya ulinzi mmoja wa sataranji, kutoka Calcutta mpaka Kasenga

Kasenga, Haut-Katanga – Siku ya Jumapili, jua likianza kupoa, vijana watano au sita huja barzani kwangu na ubao wa sataranji. Ubao wenyewe ni kipande cha mbao kilichopakwa rangi kwa mkono. Mnara mmoja mweusi ulipotea zamani, na mahali pake tumeweka kifuniko cha chupa. Wengi hapa kwetu wanauita mchezo huu kwa Kifaransa, échecs. Mimi nitatumia jina la Kiswahili, sataranji, kwa sababu jina hilo lenyewe ni historia. Wahindi wa kale waliuita chaturanga, yaani vikosi vinne vya jeshi: tembo, farasi, magari ya vita na askari wa miguu. Waajemi wakalichukua jina, Waarabu wakalibadili kidogo, na sisi wasema Kiswahili tukalipata kutoka kwao.

Jumapili iliyopita kijana mmoja wa sekondari alishindwa mara tatu mfululizo, na mara zote tatu alikuwa na kete nyeusi. Mara ya tatu akazifagia kete kwa mkono na kusema: «Papa, na zile nyeusi mi nashindwaka kila siku. Juu ya nini nyeupe ndiyo inaanzaka kila mara?» Mwenzake akajibu kwa mzaha kwamba hata kwenye ubao wazungu ndio wanapita mbele. Barza yote ikacheka. Nami nilicheka, lakini usiku ule swali lilinikatalia usingizi. Jibu lake ni refu kuliko Jumapili moja, ndiyo maana ninaliandika hapa, ndugu wasomaji, mpate kulisoma pamoja na yule kijana.

Nani alisema nyeupe ianze?

Kanuni hiyo si ya kale kama mchezo wenyewe. Kwa muda mrefu wachezaji wa Ulaya walipatana tu nani aanze, na mwenye kete nyeusi aliweza kuanza vilevile. Desturi ya nyeupe kutangulia ilikuja kukaa imara mwishoni mwa karne ya 19, wakati mashindano ya kimataifa yalipoongezeka na watu wakahitaji kuandika michezo kwa namna moja. Hapo kuanza kukawa mali ya nyeupe.

Na mali hiyo si ndogo. Ukikusanya maelfu ya michezo ya wachezaji hodari, nyeupe hupata kama pointi 54 au 55 katika kila 100. Tofauti hiyo haitoshi kumlaza mtu chini, lakini inatosha kumfanya mwenye nyeusi aulize: nifanye nini, mimi niliyechelewa hatua moja?

Jibu la kwanza, lile tunalolifundisha kwa watoto, ni kumwiga mwenzako. Yeye akipeleka askari wake katikati ya ubao, nawe peleka wako umzuie uso kwa uso. Ni jibu zuri na halina aibu. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, walimu wakubwa wa Ulaya, hasa daktari Mjerumani Siegbert Tarrasch, walifundisha kwamba anayeshika katikati kwa askari wake ndiye mwenye haki ya kushambulia. Asiyeshika, alisemekana kuwa amebanwa na anangoja kufa.

Lakini kuna jibu la pili. Mwache aje. Mwache ajenge nyumba yake kubwa katikati. Wewe jenga ukuta mdogo pembeni, ficha mfalme wako, elekeza macho yako yote kwenye nyumba ile, kisha ipige wakati inapokuwa nzito kuilinda. Jibu hili la pili ndilo ninalotaka kulifuata njia yake. Halikuzaliwa Ulaya.

Mtu wa Calcutta

Mwaka 1824 mwanasheria Mskoti, John Cochrane, alipanda meli kwenda India. Alikuwa tayari mmoja wa wachezaji hodari wa London. Akakaa Calcutta miaka mingi akifanya kazi ya mahakama na kucheza sataranji na kila aliyethubutu kukaa mbele yake. Wengi aliwashinda bila taabu.

Kisha akaletewa habari ya mtu wa mashamba ya Bengal, Mbrahmini, ambaye huko kwao hakuna aliyepata kumshinda. Jina lake lilikuwa Moheschunder Bannerjee. Ninaliandika hivi, lakini ninyi mkilitafuta mtalikuta limeandikwa kwa namna nyingine nyingi: Mohishunder, Mahescandra, Bonnerjee. Kila Mwingereza aliyelisikia aliliandika kadiri sikio lake lilivyomruhusu. Shika neno hili, tutalirudia.

Bannerjee alikuwa amekulia katika sataranji ya Kihindi. Katika kanuni za kwao, askari hakuwa na ruhusa ya kuruka hatua mbili mwanzoni kama ilivyo katika kanuni za Ulaya. Alikwenda hatua moja tu. Kwa hiyo mchezo ulianza polepole. Hakuna vita vya haraka katikati. Kila mmoja alipanga jeshi lake nyuma, kama mtu anayejenga ua kabla ya kujenga nyumba. Alipokaa mbele ya Cochrane na kanuni za Ulaya, Bannerjee hakuitupa tabia hiyo. Mara nyingi alisogeza askari wa g hatua moja, akamweka askofu wake nyuma yake kwenye g7, ambako askofu huyo anaona mstari mzima mrefu wa mshazari unaopita katikati ya ubao mpaka kona ya pili.

Kwa msomaji asiyejua: ubao una nyumba 64. Safu za kwenda mbele zinaitwa kwa herufi, a mpaka h, na za kukata zinaitwa kwa namba, 1 mpaka 8. Nyeupe inakaa chini, safu ya 1 na 2, na nyeusi juu, ya 7 na 8. Ile kete ninayoiita askofu, Wafaransa wanaiita mwendawazimu, fou, na vijana wetu pia wanasema hivyo. Neno hilo la Kifaransa ni sikio lingine lililokosea: Waarabu walisema fil, maana yake tembo.

Wawili hao walicheza michezo mingi. Mwaka 1848 walikuwa tayari wakipambana, na miaka saba baadaye bado. Cochrane alishinda mara nyingi zaidi, hilo lisemwe wazi. Lakini nataka tuutazame mchezo mmoja wa mwaka 1855. Cochrane alianza na askari wa malkia, d4. Bannerjee akamtoa farasi f6, akasogeza askari g6, na hatua ya tatu akapiga katikati kwa d5. Kisha askofu g7, mfalme mafichoni. Cochrane akamla askari, na farasi mweusi akamla aliyekula. Kisha pigo la pili, c5. Mpaka hapo ni mchezo ambao bingwa wa leo angeucheza bila kuona haya.

Halafu Bannerjee akalegea. Malkia wake alikwenda a5, akaenda b6, akarudi d8 alikotoka: hatua tatu zimepotea kwa matembezi. Wakati huo malkia mweupe alikuwa b3, ametulia, anaitazama f7 karibu na mfalme mweusi. Farasi wa Cochrane akaruka g5, kisha akala f7. Bannerjee akamtishia malkia mweupe kwa farasi wake, lakini alikuwa amechelewa. Farasi mweupe akaenda h6 na mfalme akapigwa na kete mbili kwa wakati mmoja. Mfalme akakimbilia kona. Malkia mweupe akajitoa kwenye g8, mnara mweusi ukamla kwa lazima, na farasi akarudi f7 kumaliza. Mfalme mweusi alifia ndani ya nyumba yake, amezungukwa na watu wake mwenyewe, hana pa kupumulia.

Alishindwa. Lakini mwaka 1922, miaka 67 baadaye, Mwaustria Ernst Grünfeld alianza kucheza hatua zilezile tatu, farasi f6, askari g6, askari d5, na mwaka huohuo mjini Vienna akamshinda kwazo Alexander Alekhine, ambaye miaka mitano baadaye akawa bingwa wa dunia. Tangu siku hizo ulinzi huo unaitwa ulinzi wa Grünfeld, duniani kote. Mtu wa Bengal hakupewa jina lake kwenye mlango wa nyumba aliyoijenga.

Hata hivyo hakupotea kabisa, na sababu ni moja tu. Michezo yake iliandikwa na kupelekwa London kuchapishwa katika magazeti ya sataranji. Kama Cochrane hangekuwa na desturi ya kuandika, hakuna mtu leo ambaye angejua kwamba Bannerjee alipata kuishi. Na waandishi wa Ulaya, walipoanza miaka ya 1920 kutafuta jina la kuita namna hii yote ya kungoja kwa farasi f6 na askofu wa pembeni, waliiita ya Kihindi. Mpaka leo wachezaji wanasema wanacheza Mhindi wa Mfalme. Jina la mtu lilianguka njiani, jina la nchi yake likabaki.

Ulaya yajifunza kungoja

Vita kuu ya kwanza ilipokwisha, kizazi cha vijana wa Ulaya kilichoka na sheria za Tarrasch. Aron Nimzowitsch, Richard Réti na wenzao walisema: katikati ya ubao si lazima uikalie kwa askari, waweza kuitawala kwa mbali. Askari waliosonga mbele sana ni nguvu, lakini pia ni deni: kila siku lazima walindwe. Mwaka 1921, mjini Budapest, Alekhine alimtoa farasi hatua ya kwanza ili afukuzwe makusudi na askari weupe, kisha akawageukia askari hao walipokwisha kuchoka kwa kukimbia.

Walioifanya njia hii kuwa silaha kweli walikuwa watu wa Ukraine ya wakati wa Wasovieti, hasa Isaac Boleslavsky na David Bronstein. Mwaka 1946 timu ya Moscow ilipambana na timu ya Prague. Bronstein alicheza Mhindi wa Mfalme akiwa na kete nyeusi dhidi ya Zita, kisha dhidi ya Pachman. Katika michezo yote miwili weupe walijenga kwa uzuri na kumficha askofu wao kwenye kona ya a1, wakidhani yuko salama. Katika michezo yote miwili Bronstein alitoa mnara wake mzima ili kumla askofu yule, kisha askofu wake wa g7, aliyelala muda mrefu, akaamka na kuingia d4 katikati kabisa. Nyumba nyeupe zikaanguka zote mbili. Baada ya hapo hakuna aliyesema tena kwamba mwenye kungoja anangoja kufa.

Na kuna mmoja katika ukoo huu ambaye sisi watu wa Luapula tungepaswa kumjua kwa jina: ulinzi wa kiboko. Naam, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza unaitwa hivyohivyo, kwa jina la mnyama wetu. Nyeusi inawasogeza askari wake hatua moja moja mpaka safu ya sita, a6, b6, d6, e6, g6, h6. Maaskofu wanakaa b7 na g7, farasi d7 na e7. Hakuna kete iliyovuka nusu ya ubao. Ukiutazama ubao unaona mgongo tu na macho mawili juu ya maji. Mwaka 1966 mjini Moscow, Boris Spassky alimchezea kiboko Tigran Petrosian, bingwa wa dunia wakati ule, katika mashindano ya ubingwa wenyewe, mchezo wa 12 na mchezo wa 16. Petrosian, aliyesifika kwa kutofungika na kutofunguka, hakuweza kumtoa kiboko majini mara zote mbili. Michezo ikaisha sare. Petrosian alibaki bingwa mwaka ule, kwa pointi 12½ dhidi ya 11½. Mwaka 1969 Spassky alirudi na kuuchukua ubingwa.

Jinsi ya kungoja bila kulala

Nikirudi kwa kijana wangu. Kwa nini yeye anashindwa na nyeusi? Nilimtazama, nikaona. Anaogopa. Akiona askari wawili weupe wamesimama d4 na e4, anadhani mchezo umekwisha. Basi anarusha malkia wake mbele kabla ya wakati, kama mtu anayetupa mawe gizani.

Jumapili hiyo nilimwonyesha mpango mmoja tu, ambao unaweza kuutumia dhidi ya karibu kila mwanzo. Askari wa g hatua moja. Askofu g7. Askari wa d hatua moja. Farasi f6, au usimtoe kwanza, kadiri unavyoona. Mficheni mfalme upande wa mnara wa karibu. Uzuri wa mpango huu ni kwamba hujamwambia mwenzako lolote. Hajui kama utapiga na c5, au e5, au kama utasogeza askari wa a na wa b upande wa malkia. Yeye ameshaonyesha nyumba yake yote. Wewe umeonyesha ua tu.

Lakini hapa kuna mtego, na wengi wanaanguka humo. Waswahili wana methali mbili zinazogombana. Moja yasema: simba mwenda pole ndiye mla nyama. Ya pili yasema: ngoja ngoja huumiza matumbo. Mchezo huu unakaa katikati ya hizo mbili. Ukingoja bila kupiga, nyeupe itapanga kete zake zote, kisha itasonga hatua kwa hatua mpaka ukose hewa. Watu wa Kasenga tunalijua jambo hili bila sataranji. Mji wetu uliishi kwa samaki. Zamani Wagiriki walinunua samaki wa Luapula hapa na kuwapeleka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kuwalisha wafanyakazi wa migodi. Kila mvuvi aliyepata kuuza samaki pale anajua kwamba hamfukuzi samaki katikati ya mto. Anatega wavu na kutulia. Lakini asipouvuta wavu kwa wakati, samaki wataoza humo, au mamba atauchana.

Basi kanuni nilizompa kijana ni tatu. Kwanza, usipige mpaka mfalme wako amefichwa. Pili, askari wa nyeupe akipita d4 na e4 kwenda mbele zaidi, piga mara moja, kwa sababu hapo deni lake limekuwa kubwa. Tatu, usimwuze askofu wa g7 kwa bei ndogo. Huyo ndiye nguvu ya mpango wote. Akiondoka, ua wako ni tundu tupu, na adui ataingilia papo hapo.

Alisikiliza, kisha akauliza: «Sasa, Papa, nani alionyesha watu hivi?» Nikamsimulia habari ya mtu wa Calcutta. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza swali ambalo nalo limenisumbua kuliko lile la kwanza: «Na sisi huku, kuna mutu aliandika yetu?»

Mali bila daftari

Hatuko mbali na mifano. Ng'ambo ya mpaka wetu, katika mji wa shaba wa Ndola, Zambia, alizaliwa Amon Simutowe mwaka 1982. Mwaka 2000, katika mashindano ya vijana wa dunia wasiozidi miaka 20 mjini Yerevan, alishika nafasi ya pili. Mwaka 2007 alishinda mashindano mjini Arnhem, Uholanzi, na mwaka 2009 akapewa rasmi cheo cha grandmasta, wa kwanza kutoka Afrika kusini ya Sahara. Mtoto wa nchi ya shaba, nchi ileile ya shaba ambayo sisi pia ni wake. Mpaka tu ndio umetugawa. Kila hatua ya michezo yake mikubwa imeandikwa. Kijana wa Kasenga mwenye simu anaweza kuifuata leo hatua kwa hatua.

Uganda nako, mtaa wa Katwe mjini Kampala ulijulikana duniani kwa ajili ya msichana Phiona Mutesi na mwalimu wake Robert Katende. Walicheza miaka kadhaa kabla ya dunia kujua. Dunia ilijua mwandishi mmoja, Tim Crothers, alipokaa chini na kuandika; kitabu chake kilitoka mwaka 2012, na filamu ikafuata mwaka 2016. Ustadi ulikuwapo kabla ya kitabu. Lakini bila kitabu ungebaki Katwe.

Na yupo Sultan Khan wa Punjab, mtumishi wa bwana mmoja tajiri, aliyepelekwa London mwaka 1929 na kuchukua ubingwa wa Uingereza mwaka huohuo, kisha tena mwaka 1932 na 1933. Alimshinda hata Capablanca aliyekuwa bingwa wa dunia zamani. Bwana wake aliporudi nyumbani, naye akarudi, akaishi kwa kulima, akafa mwaka 1966. Shirikisho la sataranji la dunia lilimpa cheo cha heshima cha grandmasta mwaka 2024, miaka 58 baada ya kufa kwake. Waliweza kumpa kwa sababu michezo yake ilikuwa imeandikwa. Deni lililoandikwa hulipwa, hata likichelewa. Lisiloandikwa husahauliwa pamoja na mdai.

Sasa tujitazame. Hapa kwetu, kabla ya ubao wa nyumba 64, kulikuwa na kuna bado mchezo wa mashimo na mbegu: wengine huuita kisolo, wengine nsolo. Safu nne za mashimo, mbili zako na mbili za mwenzako. Wazee wanaoujua wanatumia mawazo yaleyale niliyoyaeleza hapa: anayejaza mbegu nyingi safu ya mbele anamkaribisha adui kuzila, mwerevu huzirudisha nyuma, hungoja, kisha kwa zamu moja anazunguka na kuvuna. Walijua kungoja na kupiga bila kumsoma Nimzowitsch. Lakini niambieni, nani ameandika hata mchezo mmoja wa mzee mmoja wa Kasenga, shimo kwa shimo? Mimi mwenyewe nimekaa pembeni ya mashimo hayo tangu utoto, nikishangilia na kucheka, na sikuandika hata mstari. Wazee walionishangaza wengine wamekwisha kuzikwa. Walikwenda na michezo yao yote.

Methali yasema: mali bila daftari huisha bila habari. Tumezoea kuitumia kwa fedha za duka na za pirogi. Lakini ustadi nao ni mali.

Ndiyo maana tangu Jumapili iliyopita barza yangu ina sharti moja. Anayetaka kucheza aje na daftari la shule na kalamu. Aandike hatua zake na za mwenzake: e4, g6, d4, askofu g7. Haihitaji fedha nyingi. Na mzee yeyote anayecheza kisolo, akija, kijana mmoja atakaa karibu naye na kuandika ametoa shimo lipi na amefika wapi. Tukikosea kuandika jina la mzee, atakuwa hapo kutusahihisha, tofauti na yule Mbrahmini ambaye kila mgeni alimwandika anavyotaka.

Kijana wangu alicheza tena na nyeusi jioni ileile, kwa mpango wa g6. Alishindwa. Lakini safari hii hakuzifagia kete. Alifungua daftari, akazirudisha kwenye ubao hatua kwa hatua, mpaka hatua ya 14. Akaweka kidole pale. Askari mweupe wa e alikuwa amesonga mpaka e5, na yeye badala ya kumpiga papo hapo alimtembeza malkia wake.

«Ni hapa», akasema. Akapiga mstari chini ya namba 14, akafunga daftari, akaenda nyumbani kula.